Upande wa Barabara na Upande wa Kichuguu

Mahakama ilipofunga kanisa letu, wengi walidhani ugomvi umekwisha. Walikuja wanaume wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi, wakapitisha mnyororo kwenye mlango, wakabandika karatasi yenye muhuri, wakaondoka kwa pikipiki moja. Ugomvi haukuwa umekwisha. Ulikuwa umetolewa nje tu, kwenye hewa safi.

Jumapili iliyofuata, wale walioondoka katika dhehebu walitandaza turubai lao upande wa barabara. Wale waliobaki katika dhehebu walitandaza lao upande wa nyuma, penye kile kichuguu kikubwa ambacho wafyatua matofali wamekuwa wakikimega kidogo kidogo tangu utoto wangu. Katikati likasimama kanisa lenyewe, na mabenchi yake na ngoma zake na mimbari yake, tupu. Pande zote mbili ziliabudu saa mbili asubuhi. Saa mbili ilikuwa ndiyo saa ya kanisa, na kila upande ulisema kanisa ni wao.

Baba yangu alikaa upande wa barabara, mama yangu upande wa kichuguu. Walitoka nyumbani pamoja, kila mmoja na kitabu chake cha nyimbo, wakafuata njia moja, wakapishana na majirani walewale na kuwasalimu kwa sauti moja. Wakifika kwenye kona ya ua wa kanisa waliachana bila kuagana. Wangeonana tena mezani.

Mimi sikuwa na upande. Niliolewa na Mkatoliki, kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kunikatia tamaa kabla ya ugomvi kuanza. Jumapili nilisali misa ya kwanza mjini Likasi, kisha nikapita kwa wazazi kula. Nikifika mapema nilisimama barabarani, chini ya waya za umeme usiokuwepo, nikawasikia wote.

Sababu za kuondoka nimezisikia nyingi. Wengine walisema ni mambo yaliyoamuliwa ng'ambo, katika mkutano ambao hakuna mtu wa mtaa wetu aliyeonekana kwenye picha. Wengine walisema ni maneno ambayo mkubwa mmoja alimwambia mchungaji wetu mbele ya wageni. Mzee mmoja alinieleza jambo hilo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa utulivu na kwa mifano kutoka Agano la Kale, na alipomaliza nilijua kidogo kuliko nilipoanza.

Nisichokuwa na shaka nacho ni jinsi kura ilivyopigwa. Mchungaji aliitisha mkutano wa kanisa zima Jumamosi ambayo umoja wa akina mama ulikuwa Kapolowe kwa siku zao za maombi. Sidhani alifanya kwa hila. Nadhani hakuwakumbuka tu, na hilo kwangu ni baya zaidi. Wanaume walijadiliana wakiwa na chupa za maji mbele yao, wakainua mikono, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameondoka katika dhehebu lililowabatiza. Jioni lori la akina mama lilirudi na samaki wakavu na magunia ya mahindi. Wakashuka wakiimba. Wakaambiwa kwamba tangu saa tano asubuhi wao si watu wa kanisa lile tena.

Mama aliniambia kwamba hakuna aliyepiga kelele. Waliteremsha magunia yao kwanza. Kisha mama mkuu wa umoja, mwanamke mnene mwenye mwendo wa polepole, akamuuliza mchungaji:

"Pasta, siye tulipiga kura?"

"Hamukukuwa hapa, mama."

"Bon. Kama hatukupiga, hatukuondoka."

Hivyo ndivyo dhehebu lilivyobaki na wanawake, na kanisa jipya likapata wanaume. Kulikuwa na wachache waliovuka mpaka: wake walioogopa maneno nyumbani, na mwanaume mmoja ambaye siku ya kura alikuwa msibani na kwa hiyo akahesabiwa pamoja na akina mama. Mchungaji aliondoka na wanaume. Dhehebu likatuma mwingine kwa ajili ya waliobaki, kijana mwembamba mwenye kofia, aliyefika na kukuta kanisa limefungwa na kundi lake lote ni wanawake wenye umri wa mama yake.

Msiba mkubwa ulikuwa kwaya. Kwaya yetu ilikuwa ya sauti nne, na katika sauti nne hizo mbili ni za wanawake na mbili ni za wanaume. Basi upande wa kichuguu ulibaki na soprano na alto. Upande wa barabara ulipata watu wawili wa tena, ile sauti ya juu ya wanaume, mmoja wao mwenye kikohozi, na safu nzima ya besi, ambao kiongozi wao alikuwa baba yangu.

Lazima nieleze jambo la besi. Baba alifanya kazi miaka yake yote kiwandani, kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba, na alirudi nyumbani na masikio yanayolia na sauti iliyojifunza kupita chini ya kelele. Alifanyia mazoezi jikoni, mama akiosha vyombo. Hakuimba maneno. Aliimba majina ya noti tu, kama alivyofundishwa: do, do, fa, do, sol, sol, do. Ukisikia besi peke yake husikii wimbo hata kidogo, unasikia mtu anayesukuma kabati. Tulipokuwa watoto tuliamini kwamba baba hajui kuimba na kwamba kwaya inamvumilia kwa sababu ya umri.

Sasa upande wa barabara ulikuwa na kabati linalosukumwa kila Jumapili. Upande wa kichuguu wimbo ulikuwa mzuri lakini ulipaa juu ukakaa huko, hauna pa kutua. Na kwa kuwa walioondoka hawakuwa bado na kitabu chao, waliendelea kutumia kile cha dhehebu. Mchungaji aliagiza nembo ya jalada ifunikwe. Baba alifunika yake kwa kipande cha kalenda, na tangu siku hiyo alimsifu Mungu kutoka ndani ya mwezi wa Agosti.

Kitabu kimoja, saa moja, utaratibu mmoja wa ibada ambao wote waliujua tangu utotoni. Ilikuwa lazima itokee, na ilitokea Jumapili ya tatu au ya nne: pande zote zilianza wimbo uleule kwa wakati mmoja. Nilikuwa barabarani. Mwanzoni kila upande ulijaribu kuushinda mwingine. Kisha nikasikia besi wakipunguza mwendo. Baba alikuwa akiwashikilia kwa kiganja, namna alivyozoea, akiwasubiri soprano wa ng'ambo ya jengo wamfikie. Wakamfikia. Kwa beti mbili kwaya ikawa nzima, na katikati yake kulikuwa na kanisa lililofungwa kwa mnyororo.

Nyumbani mambo ya dhehebu hayakuzungumzwa, na nadhani ndiyo maana ndoa ile ilipona. Mama aliweka bukari, ugali wetu, mezani, akaweka sombe ya majani ya mihogo na samaki, akanawa, akasema:

"Leo mulichelewa."

"Ninyi njo mulikimbia," baba akajibu.

"Ile mwimbo haiko ya kuvuta vile."

"Siye tulikuwa tunangojea ninyi."

"Nani aliambia ninyi mungojee?"

"Besi haiwezi kuenda mbele ya soprano. Hata Bakatoliki banajua." Akanitazama ili nithibitishe. Nilimega bukari.

Ikawa desturi. Kila Jumapili walikula na kugombana juu ya mwendo, na juu ya hilo tu. Sijawahi kuwaona wazazi wangu wakizungumza kwa wingi namna ile.

Krismasi kwaya ya upande wa barabara ilienda kuimbia wafungwa wa Buluo, kama kwaya ilivyofanya kila mwaka. Baba alirudi akatusimulia. Alisema wafungwa walisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akainua mkono akauliza akina mama wako wapi. Mchungaji akaeleza habari za dhehebu, kwa urefu. Yule mfungwa akasikiliza yote, halafu akasema: "Siye tuko banaume tu juu ya sheria. Ninyi je, nani alihukumu ninyi?" Mama aliposikia hayo alitoka nje kwenda kuangalia nguo kwenye kamba. Nguo zilikuwa zimeanuliwa tangu asubuhi.

Baada ya mvua kubwa baba alianza kukosa pumzi. Alipanda kilima cha sokoni kwa vituo, akisimama na kujifanya anatazama bei za vitunguu. Nilimpeleka hospitalini, akapigwa picha ya kifua, na daktari akaongea na mimi kwa Kifaransa kwa muda mrefu. Baba aliitazama picha dhidi ya dirisha, akasema inafanana na ramani ya mahali asipopajua.

Nyumbani alimkuta mama kwenye mkeka uani, akichambua majani ya sombe. Akaketi karibu naye, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, maana mkeka ulikuwa wa wanawake. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa za dawa mkononi.

"Docteur anasema mapafu imechoka," akasema.

"Imechoka namna gani?"

"Vile muntu anachokaka."

Mama aliendelea na majani. Baba akasema: "Mama, nikikufa, ku ubeti ya mwisho besi itanyamaza. Itabakia batena bawili. Na mumoja eko anakohoa."

Hapa ni lazima nieleze desturi aliyokuwa akiisema, maana nje ya kwaya yetu sijaikuta. Mwanakwaya akifa, wenzake humwimbia kaburini wakiwa wamejipanga kwa sauti zao. Wimbo wa mwisho huimbwa kikamilifu hadi ufike ubeti wa mwisho. Hapo wote wa sauti ya marehemu hufunga vitabu vyao na vinywa vyao, na sauti nyingine tatu huendelea. Tunaita kumwachia fasi, yaani nafasi. Mwalimu wetu wa alto alipofariki, nilikuwa bado msichana na nilikuwa nimesimama katika safu yake. Nilifunga kitabu nikasikia wimbo ukiendelea bila sisi, na mahali petu pakiwa wazi kabisa, umbo lake lileile. Sijaogopa kifo namna ile tena, wala sijakielewa vizuri zaidi.

Lakini nafasi huonekana kwa sababu ya vilivyo pande zake. Kwa kwaya ya besi na tena wawili, ubeti wa mwisho wa baba ungekuwa wanaume wamesimama kimya na mmoja anakohoa. Hilo ndilo alilokuwa akimwambia mama. Alitaka soprano na alto.

"Ulipiga kura weye mwenyewe," mama akasema.

"Njo vile. Nilipiga."

"Bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza."

"Alors?"

"Alors niko nauliza sasa."

Mama akainuka, akachukua bakuli la sombe, akaenda kwenye mbabula kupuliza makaa ambayo yalikuwa yakiwaka vizuri tu. Hakujibu siku hiyo. Hakujibu kamwe, kwa kadiri niwezavyo kujua.

Nilimkasirikia, na sikuwa na haki, kwa sababu nilijua alichokuwa akikipima. Kamati ya dhehebu ilikuwa imesoma tangazo upande wa kichuguu: yeyote atakayeimba, kuomba au kushiriki meza pamoja na walioondoka atatiwa katika nidhamu. Aliye katika nidhamu hukaa benchi la nyuma, hapokei ushirika, havai sare. Na akifa katika muda huo, umoja wa akina mama hauji kumwosha, haumvalishi, haumwimbii. Huzikwa na ukoo wake kama mtu aliyekuwa akipita njia.

Sare ya mama ilikuwa ndani ya sanduku lake la bati, mbali na ile ya kila Jumapili: blauzi nyeupe, kitenge cha umoja, kitambaa cha kichwa, vyote vimepigwa pasi na kuwekewa naftalini. Alinionyesha siku nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, wakati watu wengine huonyeshana nguo za mtoto. "Hii njo ya kuenda nayo," alisema. Alikuwa amewaosha na kuwavalisha wenzake wengi kwa mikono yake mwenyewe, na alijua nani angefunga kitambaa chake na kwa fundo gani. Baba alikuwa akimwomba aiweke rehani sare hiyo.

Baba alifariki asubuhi moja ya kawaida, akiwa amekaa kitini na redio ikisoma habari. Kabla ya saa sita maturubai yote mawili yalikuwa yamefika uani kwetu. Upande wa barabara ulileta lao la bluu, upande wa kichuguu lao la kijani, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa chini ya turubai la mwingine, yalitandazwa ubavu kwa ubavu na yakakutana juu ya jiko. Mvua ilipokuja, maji yote yalishuka kwenye ule mstari, ndani ya sufuria.

Akina mama wa dhehebu walipika, maana tangazo halikusema lolote kuhusu kupika. Waliosha vyombo, walilala na mama kwenye mkeka, walimshika alipolia. Wanaume wa upande wa barabara waliimba, na wanawake walipita katikati yao na masinia, wamefunga midomo. Niliona soprano mmoja akitwanga karanga kwa mwendo wa wimbo. Hilo nalo halikuwa kwenye tangazo.

Siku ya pili mama mkuu alimwendea mchungaji kijana, yule wa dhehebu, aliyekuwa ameketi chini ya turubai la kijani na kofia magotini. Nilikuwa nawamiminia chai.

"Pasta, tunaweza kuimba kesho ku makaburi?"

"Mama, unajua tangazo. Haiwezekane kuimba pamoja nabo."

"Pamoja nabo, hapana. Nimesikia." Akanywa chai. "Na kusafisha kaburi, ni kosa?"

"Kaburi ya nani?"

"Ya mwalimu wetu wa alto. Iko na majani mingi. Eko karibu na fasi yenye banachimba."

Mchungaji aliangalia chai yake. Alikuwa kijana, lakini hakuwa mjinga, na kwa muda wote tangu alipotumwa kwetu alikuwa amesikiliza kila Jumapili wimbo usio na pa kutua.

"Kusafisha si kosa," akasema.

"Banaimbaka, bantu, pa kusafisha."

"Najua, mama. Nitakuja kuangalia kazi."

Kesho yake tulimzika baba. Wanaume walijipanga upande wa kulia wa kaburi, mchungaji wao akiwa mbele. Mama alikaa chini kwenye mkeka upande wa kichwa, amejifunika kitenge, shangazi zangu wakiwa pembeni yake, kama mjane anavyokaa. Mjane haimbi wala hasemi hadi udongo umerudishwa. Makaburi matatu kutoka hapo, akina mama walikuwa wakisafisha. Walikuwa na majembe, na walikuwa wamevaa sare kamili, blauzi nyeupe na kila kitu, wote, wamejipanga soprano kushoto na alto kulia. Mchungaji kijana alisimama nyuma yao. Hakuwa na jembe. Alikuwa amevua kofia. Kaburi la mwalimu wa alto, kama nilivyoona baadaye, halikuwa na jani hata moja. Mtu alikuwa amekwisha kulisafisha.

Wanaume walianza. Kwa upande wa pili akina mama nao wakaanza, wakiwa wamegeuza nyuso zao kuelekea kaburi lao, wakiinua majembe kidogo na kuyashusha. Mwanzoni besi walitaka kukimbia, maana aliyekuwa akiwashikilia alikuwa ndani ya sanduku. Kisha mmoja akainua kiganja, kama alivyokuwa akimwona baba akifanya, na wakasubiri. Soprano wakawafikia. Walikuwa wamefanya mazoezi ya jambo hilo kwa Jumapili nyingi, na jengo zima katikati. Makaburi matatu hayakuwa kitu. Mchungaji wa barabara alitazama kaburi. Mchungaji wa kichuguu alitazama kofia yake. Kwaya ya baba ilikuwa nzima, na nililia kwa sauti bila aibu.

Ubeti wa mwisho ukafika. Besi wakafunga vitabu. Wimbo ukaendelea na sauti tatu, na chini yake ikafunguka nafasi, pana, yenye upana wa baba. Hata yule tena mwenye kikohozi hakukohoa.

Hapo nikasikia kutoka kwenye mkeka: do, do, fa, do.

Mama hakuwa ameinua kichwa. Aliimba kutoka chini ya kitenge, kwa sauti yake ya mwanamke, juu zaidi ya mahali ambapo besi hukaa, lakini kila noti ilikuwa ya baba. Hakuimba maneno. Hakuyajua kwa besi, kwa kuwa jikoni baba hakuwahi kuimba maneno. Sol, sol, do. Shangazi mmoja alimgusa begani ili anyamaze. Hakunyamaza. Alikwenda na ubeti hadi mwisho, akaishika noti ya mwisho kama baba alivyoishika, ndefu kupita inavyotakiwa, na kwaya zote mbili zikamsubiri.

Desturi yetu inasema nafasi iachwe. Haijawahi kusema lolote juu ya mtu kuingia humo.

Wiki chache baadaye kamati ya dhehebu ilimwita. Kuhusu wale waliosafisha, kamati iliridhika kwamba walisafisha. Lakini mjane alikuwa kwenye kaburi la walioondoka, katikati ya walioondoka, na watu wengi walimsikia. Niliruhusiwa kumsindikiza. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai la kijani, na mzee wa kamati, yule mwanaume mmoja aliyekuwa msibani siku ya kura, ndiye aliyeuliza.

"Mama, uliimba pamoja na bale benye baliondoka?"

"Besi balinyamaza. Bote baliona."

"Batena baliimba."

"Minye siimbake tena."

Mzee akamtazama mchungaji. Mchungaji alikuwa akikiangalia kichuguu.

"Sasa, mama, uliimba pamoja na nani?"

"Na bwana yangu," mama akasema.

Wakatuomba tusogee kidogo ili wajadiliane. Tulisimama karibu na kichuguu, na kwa kuwa turubai halina kuta, tulisikia yote. Walijadili kama marehemu bado ni mtu aliyeondoka, au kama kwa kufa amekwisha kuondoka pia kwa wale walioondoka. Mmoja alisema amerudi kwa Bwana, ambaye hana dhehebu. Mwingine akasema hayo ni kweli lakini yasiandikwe. Mwishowe wakaona kwamba wasipofanya lolote watu watasema. Wakamtia mama katika nidhamu hadi Pasaka. Mama mkuu wa umoja ndiye aliyemletea habari, akilia. Mama alimpa kiti na akamwuliza kama amekula.

Miezi hiyo mama alivuka barabara kwa uangalifu mkubwa. Alikunywa maji yaliyochemshwa. Alikataa kupanda pikipiki. Alimeza dawa ya malaria kwa homa ambayo mimi niliiona ni uchovu tu. Sare ya Jumapili nayo aliiweka ndani ya sanduku, akaongeza naftalini, akafunga. Sikumwuliza kama anaogopa, kwa sababu nilimwona akitazama kulia na kushoto kwenye kichochoro ambacho hupita mbuzi tu.

Jumapili alikaa benchi la nyuma kabisa, peke yake, bila sare. Benchi hilo liliwekwa pembeni mwa turubai, karibu na kona ya jengo. Kamati haikufikiria hilo, au labda mchungaji kijana alilifikiria, maana ndiye aliyelibeba. Pale kwenye kona, kati ya upande mmoja na mwingine, ndipo sauti za wanaume zinasikika vizuri kuliko mahali popote.

Jumapili moja kabla ya Pasaka nilipita kula kama kawaida. Mlango wa kanisa ulikuwa bado na mnyororo, na ile karatasi ya mahakama mvua ilikuwa imeinywa hadi ikabaki nyeupe. Mama aliweka bukari, akaweka sombe, akaweka sahani mbili. Akanawa. Akakaa akiitazama nafasi ya baba mezani, kisha akanitazama mimi.

"Leo balikimbia," akasema. "Hapana muntu wa kubashika."